Simu inayokataa laini: historia ya kifungo kilichotoka mbali hadi Bijombo

Kuna swali moja ambalo wahami wa nyanda za juu wananiuliza kuliko habari za barabara na bei ya mihogo. Simu imetumwa na mtoto aliye Marekani au Kanada. Inawaka, kioo hakina mkwaruzo, inapiga picha nzuri. Lakini ukiweka laini ya hapa, inakataa, na inaandika maneno ya Kiingereza ambayo nyumbani hakuna wa kuyasoma. Je, imeharibika njiani?

Mara nyingi haijaharibika, imefungwa. Na kifungo hicho kina historia ndefu, ambayo inapita Kinshasa, Finland na Washington kabla ya kufika kwenye meza ya fundi pale Mulongwe. Nimeona ni vema niieleze kwa utaratibu, kwa sababu mtu asiyejua simu yake imefungwa na nani ndiye anayeliwa pesa kwanza.

Wazee wetu hawakuanza na simu, walianza na foni. Ile redio ya mawimbi mafupi iliyokuwa kwenye misheni, kwa wafanyabiashara na kwenye viwanja vya ndege vidogo. Ulikuwa unapanga mstari, unamtaja ndugu yako wa Bukavu au Kinshasa, opereta anamwita, halafu unasema maneno yako na kumaliza kwa "à vous". Wote waliokuwa kwenye mstari walisikia kama umefiwa, kama unadaiwa, kama mchumba amekataa. Siri haikuwepo. Lakini foni haikujua kampuni: aliyekuwa kwenye masafa yale alisikika.

Simu ya mkononi ilipoingia nchi hii, ilikuja ikiwa imefungwa tangu kuzaliwa. Mwaka 1986, enzi ya Zaire, mfanyabiashara Miko Rwayitare pamoja na Mmarekani Joseph Gatt walianzisha Telecel pale Kinshasa, moja ya rezo za kwanza za simu za mkononi katika Afrika. Zilikuwa simu kubwa, bei yake maelfu ya dola, na waliozitembeza ni mawaziri, majenerali na matajiri wa karibu na Mobutu. Mitambo ile ilikuwa ya mfumo wa zamani wa Kimarekani usio na kadi. Namba yako iliandikwa ndani ya simu yenyewe na kampuni. Ukitaka kuhama kampuni, hukuwa na kitu cha kuchomoa. Kwa hiyo hakuna aliyelalamika kwamba simu imefungwa, kwani simu na kampuni vilikuwa kitu kimoja.

Mambo yalibadilika Ulaya. Tarehe 1 Julai 1991, huko Finland, ilipigwa simu ya kwanza kwenye rezo ya GSM, mfumo uliokuja kutawala dunia pamoja na kwetu. Mwaka huohuo kiwanda cha Kijerumani cha Giesecke & Devrient kilitengeneza kadi za kwanza za SIM kwa ajili ya rezo hiyo. Hapo ndipo yalipotokea mapinduzi ambayo leo hatuyaoni tena: namba yako ilitoka ndani ya simu ikahamia kwenye kadi ndogo, hii tunayoiita puce. Simu ikawa mali yako, kampuni ikabaki na kadi tu. Ukichoka na kampuni, unatoa kadi, unaweka nyingine.

Kampuni hazikupenda sana uhuru huo. Walikuwa na hoja, tuwape haki yao. Kule Ulaya na Marekani walianza kuuza simu kwa bei ya chini kuliko gharama, au kuitoa bure, kwa ahadi kwamba mteja atalipa kila mwezi kwa mwaka mmoja au miwili. Je, akichukua simu ya bure leo na kesho akaweka laini ya mshindani? Kwa hiyo katikati ya miaka ya 1990 wataalamu wa GSM waliweka kwenye kanuni zao njia rasmi ya kuifunga simu: kuifunga kwa kampuni fulani, kwa sehemu ya kampuni, hata kwa kadi moja tu.

Inavyofanya kazi si uchawi. Kila kadi ya SIM ina namba yake ya ndani, tofauti na ile unayowapa rafiki. Tarakimu zake tatu za kwanza ni za nchi: Kongo ni 630, Burundi 642, Rwanda 635, Tanzania 640. Zinazofuata ni za kampuni. Vodacom ya hapa ni 630 na 01, Airtel ni 630 na 02. Simu iliyofungwa inapowashwa inasoma tarakimu hizo kwenye kadi. Zikilingana na zile ilizopewa kiwandani, inafungua mlango. Zisipolingana, inakuomba kode. Basi. Antene ya Uvira haijafanya kosa, laini yako haijafanya kosa, wala betri haihusiki. Nasema hivi kwa sababu nimeshawakuta watu waliobadilishiwa betri kwa tatizo la kifungo.

Kwetu, miaka ambayo Celtel ilianza Kinshasa, mwishoni mwa 2000, na Vodacom ikafuata mwaka 2002, nchi ilikuwa imekatwa vipande na upande huu wa Uvira ulikuwa chini ya RCD. Simu kwa watu wa kawaida zilisambaa kweli baada ya serikali ya mpito ya 2003. Kumbuka mwavuli wa muuza unite, na kabine ambako ulilipia dakika. Kumbuka pia majina yanavyobadilika: Celtel ikawa Zain mwaka 2008, kisha Airtel baada ya Wahindi wa Bharti kuinunua mwaka 2010. CCT, ile ya Wachina wa ZTE na serikali, ikanunuliwa na Wafaransa mwaka 2011 na kuwa Orange. Tigo nayo ikamezwa na Orange mwaka 2016. Majina yalibadilika ukutani, lakini simu ya zamani iliyofungwa haikujali rangi mpya ya bango. Inasoma tarakimu tu.

Hapa mpakani kifungo kilituuma kwa namna yake. Mtu wa Uvira anaishi na nchi tatu mfukoni. Asubuhi yuko Kavimvira, mchana yuko Gatumba au Bujumbura, na ana shemeji Kigoma. Kuanzia 2005 ndugu zetu waliokuwa kambini Tanzania, Nyarugusu na nyinginezo, walianza kurudi kwa meli hadi Baraka. Walirudi na mabati, vyerehani, na simu. Na kampuni za Tanzania, kama za nchi nyingi, ziliuza simu za bei nafuu zenye nembo yao zilizokubali laini yao peke yake. Ilivuka ziwa vizuri, ikafika Baraka ikawa tochi.

Hapo ndipo walipozaliwa mafundi wetu wa "kutoa kode". Enzi ya Nokia ndogo kazi hii ilikuwa karibu hesabu tupu. Kila simu ina namba yake ya tarakimu 15, inayoitwa IMEI. Unaipata kwa kubonyeza *#06#. Kwa Nokia nyingi za wakati ule, kode ya kufungua ilikokotolewa kutoka kwenye IMEI pamoja na tarakimu za kampuni. Programu za kukokotoa zilivuja, zikazunguka kwenye disketi na CD, na fundi aliyekuwa na kompyuta moja ya zamani aliweza kukuandikia kode kwenye kipande cha karatasi. Lakini Nokia ilikuruhusu kukosea mara tano tu. Baada ya hapo haikubali tena kode ya kuandika kwa vidole, inahitaji waya na kisanduku maalumu. Fundi wa kubahatisha aliua simu nyingi kwa njia hiyo, kisha akamwambia mwenye simu kwamba imeungua. Zilipokuja modemu za intaneti zenye nembo ya kampuni, zile za Huawei za kuchomeka kwenye kompyuta, hadithi ilikuwa ileile: kode kutoka kwenye IMEI, na mara kumi za kujaribu.

Ukiniuliza ni nani aliyekishinda kifungo Afrika, sitasema mafundi wala wabunge. Ni simu za laini mbili. Tecno ilianzishwa mwaka 2006, ikafuatiwa na ndugu yake Itel, na Wachina hawa walielewa jambo ambalo wakubwa wa Ulaya hawakulielewa: Mwafrika ana laini zaidi ya moja, kwa sababu antene ya kampuni hii inashika kwenye kilima kile, na ya kampuni nyingine inashika huku bondeni. Watu wa Bijombo hawahitaji kuelezwa hilo. Simu ya laini mbili haina maana ikifungwa kwa kampuni moja. Kwa miaka zaidi ya kumi, mtu aliyenunua simu yake Uvira au Bujumbura aliweza kusahau kabisa kwamba kuna kitu kama kifungo.

Kisha vita vikatutawanya. Tangu 2018 na 2019 vijiji vya Bijombo viliungua na watu wakatelemka: wengine Uvira kwenye familia za kupokea, wengine Burundi, wengine walikaa muda mrefu karibu na kambi ya MONUSCO kule juu. Na waliokuwa wameshapita kambi za Tanzania, Burundi, Rwanda au Uganda wakapelekwa kuishi Marekani. Sasa watoto hao wanafanya kazi kwenye machinjio na maghala ya vifurushi, na wanachotuma nyumbani baada ya pesa ni simu. Kifungo kimerudi kwa mlango huo.

Huko Marekani simu iliyofungwa ndiyo ya bei rahisi dukani. Kijana anaona simu nzuri kwa dola chache, ya kampuni ya kulipia kabla, hajui kwamba bei ni ndogo kwa sababu ya kifungo. Nimemsikia mama mmoja aliyetoka Bijombo, sasa anaishi Kavimvira, akieleza jinsi alivyopokea ya namna hiyo kutoka kwa mwanawe kupitia msafiri wa Bujumbura. Alikuwa ameshamwachia binti yake simu yake ndogo ya vibonye. Pesa za msaada zilikuwa zinapitia kwenye laini yake, na laini ile haikukubaliwa na simu mpya. Fundi wa kwanza alimwomba dola 20. Ilimbidi arudi kwa binti yake kuomba simu aliyompa, kila mara pesa ikiingia. Tangu Vodacom ilipoleta M-Pesa Kongo, Novemba 2012, na kampuni nyingine na huduma zao, laini si ya kusalimiana tu. Ni mfuko wa pesa. Simu inayokataa laini inafunga mfuko.

Wamarekani wenyewe waligombana sana juu ya jambo hili. Mwaka 2007 iPhone ya kwanza iliuzwa ikiwa imefungwa kwa AT&T, na kabla ya miezi miwili kupita kijana wa miaka 17, George Hotz, alionyesha jinsi alivyoifungua. Tangu 2006 sheria yao ya hakimiliki ilikuwa na nafasi ya kuruhusu mwenye simu kuifungua. Nafasi hiyo iliondolewa, na kuanzia tarehe 26 Januari 2013 kufungua simu mpya bila idhini ya kampuni kukawa kosa. Watu zaidi ya 114,000 wakatia sahihi ombi kwa Ikulu yao. Tarehe 1 Agosti 2014 Rais Obama alisaini sheria iliyorudisha ruhusa hiyo. Kampuni kubwa nazo zikaahidi kwamba kuanzia Februari 2015 zitafungua simu iliyomaliza kulipiwa, na ya kulipia kabla isizidi mwaka mmoja tangu ilipowashwa. Kanada ilienda mbali zaidi: kuanzia tarehe 1 Desemba 2017 simu mpya lazima ziuzwe zikiwa wazi. Uingereza ikapiga marufuku kuuza simu zilizofungwa kuanzia Desemba 2021.

Maana yake kwetu ni hii: simu ya ndugu yako wa Marekani inaweza kufunguliwa bure na kampuni iliyoiuza, lakini kwa masharti, na masharti hayo yanatimizwa kule, si hapa. Lazima iwe imelipiwa yote. Ya kulipia kabla lazima iwe imetumika muda uliowekwa kwenye rezo ya kampuni ile. Ukiipokea Uvira baada ya wiki mbili tangu inunuliwe, muda haujatimia, na hapa haiwezi kuutimiza kwa sababu rezo ile haipo. Nyingine zinafunguliwa kwa programu iliyomo ndani ya simu, inayotaka kuzungumza na kampuni kwanza. Kwa hiyo mwambieni kijana: kabla ya kuituma, aweke kadi ya kampuni nyingine kabisa, hata ya kuazima kwa jirani, aone kama inapiga. Hicho ndicho kipimo kikubwa, hapa na kule. Kwa Android, ikiandika "SIM network unlock PIN", hiyo imefungwa. Kwa iPhone si lazima kuwa na kadi ya pili: aingie kwenye mipangilio, sehemu ya jumla, halafu taarifa za simu, atafute mstari wa kifungo cha kampuni. Ikiandikwa "No SIM restrictions" iko wazi. Kama imeshafika, mwenye namba ya akaunti ya kule ndiye wa kuandikia kampuni. Wewe mpe IMEI tu, kwa *#06#, naye aombe.

Lakini si kila mlango uliofungwa una ufunguo mmoja, na hapa mafundi wasio waaminifu wanachanganya watu makusudi. Simu inayodai barua pepe na neno la siri la mwenyewe wa kwanza haijafungwa na kampuni, ni ulinzi dhidi ya wizi. Apple iliuweka mwaka 2013, na Google ikafuata kwa Android. Anayeweza kuutoa ni mwenye akaunti. Simu ambayo IMEI yake imeandikwa kwenye orodha ya zilizoibwa ni jambo la tatu. Na kuna ya nne, ambayo imekuja Afrika Mashariki siku hizi: simu ya mkopo. Kenya, Safaricom pamoja na Google walianza mpango wa Lipa Mdogo Mdogo mwaka 2020, na wengine kama M-Kopa wana yao. Usipolipa, simu inajifunga yenyewe, laini yoyote iwemo. Mtu akikuuzia simu nzuri ya Nairobi kwa bei ya kutupa, uliza deni limebaki kiasi gani.

Serikali nazo zinajua kufunga. Kenya ilizima simu bandia usiku wa mwisho wa Septemba 2012, Tanzania ikafanya hivyo Juni 2016, zote kwa kutumia IMEI. Sisi tulipata RAM, daftari la simu. Kuanzia 2020 ilikatwa kwenye unite: dola moja kwa mwaka kwa simu ya 2G, dola saba kwa simu ya 3G na kuendelea, kwa mafungu. Ilisemwa ni ya kupambana na simu za wizi na bandia. Raia walipiga kelele, wabunge wakamhoji Waziri Kibassa Maliba, na mwanzoni mwa 2022 ikaondolewa. Wengi hapa walidhani RAM ndiyo iliyofunga simu zao za Marekani. Hapana, ilikula unite tu.

Nimalizie na aina mbili ambazo hata fundi hodari asiwape matumaini. Ya kwanza ni simu za zamani za Verizon na Sprint zilizotengenezwa kwa mfumo wa CDMA pekee: hazina hata pa kuweka kadi, na Verizon ilizima mfumo huo mwishoni mwa 2022. Ya pili ni mpya kabisa. iPhone 14 na za baada yake zilizouzwa Marekani, tangu Septemba 2022, hazina tundu la kadi. Zinatumia laini ya kuandikwa ndani kwa intaneti, eSIM, na kama kampuni yako ya hapa haikupi eSIM, simu iko wazi lakini huna cha kuweka. iPhone 14 zilizouzwa Kanada bado zilikuwa na tundu. Kijana akiuliza mzazi anataka ipi, aangalie ubavuni mwa simu kabla ya kulipa.